Kolekte ya Sauti

Asubuhi ile nilikuta kuku amefungwa miguu juu ya meza yangu ya kazi.

Meza ilikuwa ya chumba cha katekisimu, katika kijiji cha mlimani juu ya mji mdogo wa Bihambwe, na jana yake nilikuwa nimeifuta vizuri na kupanga simu za kurekodia. Nje ukungu ulikuwa bado umelala kwenye malisho. Ng'ombe walionekana migongo tu, wakielea, na watu walikuwa wakitoka ndani ya ule weupe polepole, bila sauti ya miguu, kila mmoja na mzigo wake. Maharage. Viazi. Kabichi, vitunguu vya majani, chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Waliweka kila kitu mbele yangu kwa heshima, wakarudi nyuma, wakasimama wakinisubiri nianze sala.

Mimi si padri wala si mtawa. 

Kosa lilikuwa la neno moja. Kazi tuliyotumwa, kukusanya data, ilikuwa na jina lake la Kifaransa, collecte de données, na katekista, aliyepewa tangazo hilo kwa simu inayokatika-katika, alilisoma baada ya misa kama alivyolisikia: kutakuwa na kolekte ya madone. Sasa kolekte kwetu kila mtoto anaijua, ni kile kikapu kinachopita kati ya mabenchi. Na "don" anaijua kila aliyewahi kukimbia vita, maana ndilo neno lililochapwa kwenye mikebe ya mafuta na magunia ya unga wa msaada: hii ni zawadi, haiuzwi. Watu wakaunganisha wenyewe.

"Siku zote banatuleteaka don," alinieleza mama mmoja mwembamba, yule mwenye kuku. "Leo banaomba ya kwetu. Tukasema sawa. Na siye tuko bantu."

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Hasira zangu haziko mbali, sihitaji kwenda kuzitafuta. Niliwakasirikia wale wa mjini wanaotunga maneno ndani ya vyumba vyenye hewa baridi, halafu wanayaachilia milimani yajitafutie maana. Lakini nilipomtazama yule mama, hasira ilinyong'onyea. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Kuku alikuwa anapumua taratibu, jicho moja likinitazama.

Kabla ya hapo nilikuwa nasoma matangazo katika redio ndogo ya mlimani: mbuzi aliyepotea, msiba, arusi iliyoahirishwa kwa sababu ya barabara. Watu walinijua kwa sauti kuliko kwa sura, na ndiyo maana wale wa mradi walinichukua. Walitaka kuifundisha simu isikie Kihunde na ikiseme, ili mama asiyejua kusoma aiulize la kufanya mtoto anapoharisha, au kama barabara ya bondeni inapitika, ajibiwe kwa lugha aliyokulia. Kwa kazi hiyo mashine inahitaji sauti za watu wengi, wazee kwa vijana, wakisema sentensi fupi fupi. Na anahitajika mtu wa kuwaeleza wenye sauti nini kitafanywa nazo. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitakiwa kueleza akili bandia ni kitu gani. Nilipewa na karatasi ya maelezo, ambayo mimi mwenyewe sikuielewa.

Basi siku ile nilianza kwa kurudisha mboga. Ni kazi ngumu kumrudishia mtu sadaka yake, anadhani umeidharau. Nikawaambia tunachoomba ni sauti zao tu. Kutoka nyuma mzee mmoja akauliza kwa upole:

"Mama, nyinyi muko bantu ya service?"

Alimaanisha majasusi, na swali lilikuwa halali. Kwetu, wakati wa vita, anayekusanya maneno ya watu huwa ana mkubwa wake mahali fulani, na maneno yale hurudi kijijini yakiwa na bunduki. Nilisema hapana. Lakini nilisikia mwenyewe jinsi hapana yangu ilivyokuwa nyepesi, nikatoka nje kuvuta pumzi.

Nyuma ya kanisa palikuwa na kibanda cha jibini, fromaji kama tunavyoiita, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa na kuchanganyika na ukungu. Ndani, mwanamume mmoja mwenye mikono myeupe kwa maziwa hadi kwenye viwiko alikuwa akimimina maziwa ya nyumba mbalimbali kwenye sufuria moja kubwa. Alikuwa mume wa yule mama wa kuku. Bidoni moja baada ya nyingine, dumu kwa dumu, maziwa ya ng'ombe wa huyu na ya ng'ombe wa yule yaliingia, yakazunguka, yakatulia, na yakishatulia hayakuwa ya mtu tena. Palikuwa na joto zuri na harufu ya kuni mbichi. Nilisimama pale muda mrefu, nimesahau kilichonitoa nje, mpaka nikatambua kwamba nilichokuwa nakitafuta kiko mbele ya macho yangu. Nikawaita watu wote waje mlangoni.

"Mashini njo hii sufuria," niliwaambia. "Sauti yako njo bidoni yako. Tukimimina, inachanganyikana na za bengine, inakuwa kintu ingine, inakuwa fromaji. Fromaji haina jina ya ng'ombe. Lakini musikie muzuri: mbele ya kumimina, ukisema nirudishie, nitakurudishia. Kiisha kumimina, hata miye siwezi."

"Na ile sufuria iko ya nani?" akauliza yule mzee.

"Ya bantu ya mujini."

"Na fromaji, nani atakula?"

Nilimjibu kama nilivyoambiwa, kwamba ile simu yenye kusema Kihunde itakuwa ya bure kwa wote. Kisha nikaongeza nilichokijua mwenyewe, kwamba sufuria iko mbali na mimi sina ufunguo wa mlango wake. Sikutaka kuwadanganya watu walioniletea kuku. Wengine waliondoka pale pale, na nilifurahi kwamba waliondoka wakijua wanachokikataa.

Mwenye jibini alikuwa bado anakoroga. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Na chumvi, munatiaka?" aliuliza. "Ju sauti yangu bila chumvi itaoza."

Watu wakaangua kicheko, na baada ya kicheko kile mambo yakawa mepesi. Mkewe alimpiga kofi la bega na kuniomba radhi kwa niaba yake. Mama huyo mwenyewe alikataa kurekodiwa. Alisema ana sauti moja tu na anaitumia kila siku.

Wengine walikuja, siku baada ya siku. Mumewe alikuja pia, mara maziwa yalipoganda na akapata nafasi. Kila mmoja nilimwahidi mambo mawili, kama nilivyofundishwa. Jina lako halitaandikwa popote, utakuwa namba tu, na hakuna atakayejua kwamba ni wewe. Na rekodi zitakazobaki kwenye simu yangu nitazifuta zikishapokelewa mjini. Niliyasema mara nyingi mpaka yakawa kama maneno ya misa. Hata hapa ninapoandika, siwezi kuliandika jina la mtu, mazoea yamenikaa.

Jioni, ukungu uliporudi kukaa mahali pake, nilikuwa naketi barazani na kuzisikiliza rekodi macho yamefumbwa, nikitafuta zile zilizoharibiwa na upepo. Sauti zilinijia bila miili. Sentensi zilitungwa mjini, na watu wa kilimani walizisema kwa Kihunde bila kujali: lifti imekwama kati ya ghorofa, treni imechelewa, tafadhali usiegemee kioo. Walizisema kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto aliyoota. Mwanamke mmoja alitangaza kwamba treni imechelewa, na nyuma yake ng'ombe akalia kwa uchungu kana kwamba ndiye aliyekuwa akiisubiri. Nilizipenda sauti zile kupita kiasi. Nikisinzia, niliona kijiji kizima kimekaa ndani ya sikio moja kubwa lenye joto, kinapiga soga, hakuna anayetaka kuondoka.

Kisha milio ya risasi ikaanza upande wa pili wa kilima. Kwanza ilikuwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Siku iliyofuata haikuwa mbali tena. Watu waligawanyika njiani bila kupanga: wengine wakashuka kuelekea Bweremana, ziwani, wengine tukaenda magharibi, tukaingia msitu wa Walikale. Safari yote sitaieleza, na sehemu kubwa yake siikumbuki kama kitu kilichonipata mimi. Nakumbuka kijani. Nakumbuka kwamba baada ya milima iliyo wazi, ambako macho hufika yanakotaka, msitu ulinifunika mpaka nikadhani nimelala na miguu inaendelea yenyewe. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani hata pale mvua isiponyesha. Simu moja ya kazi ilipotelea mtoni. Nyingine ilibaki mfukoni mwangu, imefungwa kwenye nailoni pamoja na chumvi.

Nilifikia Mubi. Mubi ni mji wa barabara: malori yaliyopakwa matope mpaka kwenye madirisha, pikipiki, magunia, na muziki wa kila duka ukigombana na wa duka la jirani. Nilipata kazi kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa kweli, aliyetundika rozari juu ya mzani wake ili, kama alivyosema, mzani usije ukasahau unatazamwa na nani. Aliuza sabuni, majembe, misumari na betri, na kwenye kona ya duka alikuwa anachaji simu za watu kwa paneli za jua. Kona ile akanipa mimi. Kazi yangu ilikuwa kupaza sauti: "Simu nyeusi, yenye kioo imepasuka, imejaa! Mwenye simu ya kifuniko nyekundu, kuja uchukue!"

Nilikuwa naita hivyo asubuhi moja, mwanamke aliyekuwa akipita na mafungu ya sombe, majani ya mihogo, kichwani akasimama katikati ya barabara. Pikipiki zilimkwepa na kumtukana. Hakugeuka kunitazama. Alikuwa amefumba macho.

"Ile sauti," alisema, "ni ya Mama wa redio."

Alikuwa yule mama wa kuku. Amekonda zaidi, kitenge cha misa kimekuwa kitenge cha kila siku. Tulikumbatiana sombe ikaanguka, tukaiokota pamoja, tukilia kidogo na kucheka kidogo. Nilimketisha kwenye kreti nyuma ya kaunta, na mfanyabiashara akamletea chai bila kuambiwa. Hapo ndipo alipomzungumzia mumewe, mwenye jibini. Siku ile ya milio alibaki nyuma kuwafungulia ng'ombe wa watu, akasema atawafuata. Hakufuata. Hakuna aliyemwona amekufa na hakuna aliyemwona mzima. Mkewe alikuwa ameuliza madereva wa malori, wachimbaji, wanajeshi, mapadri, mpaka watu wa Mubi wakaanza kupunguza mwendo na kutikisa kichwa kabla hajafungua mdomo.

"Sura yake niko naiona," aliniambia. "Hata mikono niko naiona. Sauti njo imenitoka. Niko najaribu kuisikia, na niko nasikia ya kaka yake." Akaweka kikombe chini. "Wewe uliichukua, Mama. Iko wapi?"

Nilikuwa nimejibu maswali mengi katika kazi ile, ya wazee wenye shaka na ya vijana wajuaji. Hilo halikuwamo kwenye karatasi.

"Ile mashini yenu, haiwezi kumutoa?" aliuliza tena.

"Ilisha kumiminwa," nikasema.

Alielewa upesi, maana alikuwa ameishi na moshi wa jibini miaka yake yote ya ndoa. "Basi mu ile fromaji, yeye iko."

"Iko."

"Lakini hatoki."

"Hatoki, Mama."

Mfanyabiashara alikuwa anapima misumari huku masikio yakiwa kwetu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukujua kukaa kimya. "Mama, sikia," akasema. "Siku hizi kuko mashini inaigaka sauti ya muntu. Unaipatia kidogo tu, kiisha inasema yote yenye unataka. Niliona mu telefone yangu, muntu alisha kufa na iko anaimba. Batakutengenezea bwana yako. Atakuita hata jina yako."

Nilitaka kumrukia. Lakini mama hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiri. Alinigeukia.

"Itasema yenye alisema, ao yenye miye nataka?"

"Yenye utaandika," nikamjibu. "Yeye hatakuwa ndani. Itakuwa mashini imevaa koti yake."

"Basi hapana," akasema. "Miye sina maneno ya kumutia mu kinywa. Alikuwa na yake."

Nilijua tangu mwanzo kwamba nitafika kwenye ule mfuko wenye simu, nilikuwa nazunguka tu. Wale wa mjini walishanitumia ujumbe kwamba kazi imesimama kwa sababu ya vita, kwamba walichopokea wamepokea, na kwamba nifute kilichobaki. Sikuwa nimefuta. Mara nyingi niliitoa simu ile, nikaweka kidole juu ya kitufe, na mkono ukachoka. Nilikuwa najiambia naokoa betri. Ukweli ni kwamba kijiji kile kilikuwa kimebaki mahali pamoja tu duniani, nacho kilikuwa ndani ya nailoni yenye chumvi.

Tuliichaji siku nzima, na kesho yake mama akarudi mapema bila sombe. Niliiweka simu juu ya kaunta na kuanza kucheza rekodi moja moja. Hazikuwa na majina, namba tu, na mimi mwenyewe sikujua ipi ni ya nani. Yeye alijua. Hakusubiri hata sentensi iishe, wengine aliwatambua kwa pumzi.

"Huyu ni mama mukwe wa katekista. Huyu alishuka Bweremana, iko anauzisha samaki. Huyu, Mungu amupumzishe. Aa, huyu! Huyu alikuwa anatuibia majani ya ng'ombe, na sikia namna anasema pole pole."

Sauti zikalijaza duka. Mfanyabiashara aliacha mzani. Nje malori yaliendelea kunguruma, lakini kwangu yalikuwa yamekwenda mbali, na ule weupe wa Bihambwe ulikuwa unaingia mlangoni, na watu walikuwa wanatoka ndani yake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sentensi yake ya treni na lifti. Mama alikuwa anatabasamu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu msituni, nikadhani itachukua asubuhi nzima.

"Na ule wa mwisho," sauti nyingine ikasema, "iko wapi sasa?"

Alikuwa mwanamume aliyekuja kununua sigara. Sikumjua. Alikuwa na koti jipya na viatu visivyo na tope, katika mji ambao hata kuku wana tope. Alikuwa anamtazama mama kwa utulivu sana. Tabasamu la mama likazimika. Nilibonyeza kitufe, duka likawa kimya.

"Ni teatre ya redio tu, Papa," nikamwambia. "Tuko tunajifunzisha."

Alicheka kidogo, akachukua chenji yake, akatoka bila haraka. Labda alikuwa na ndugu anayemtafuta kama sisi. Labda. Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kati ya pikipiki.

Hakuna atakayejua kwamba ni wewe. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, na aliyetunga maneno hayo nadhani aliyaamini. Kuondoa jina ni kitu kidogo. Mama huyu hakuhitaji jina la mtu hata mmoja, na alichofanya kwa mapenzi mwingine angeweza kukifanya kwa chuki, kwa sikio lile lile. Niliikasirikia ile karatasi upya. Kisha nikamwomba mfanyabiashara ufunguo wa stoo.

Tulikaa kati ya magunia ya chumvi na bidoni za mafuta ya mawese, mlango umefungwa, mwanga ukiingia kwenye tundu za misumari. Mvua ikaanza, mvua ya Walikale, ikapiga manjanja, mabati ya paa, kwa nguvu hivi kwamba hatukuweza kusikia rekodi yoyote. Tukasubiri. Ilibidi tuzungumze kwa kusogeza midomo masikioni, kama watoto wenye siri.

"Nitazifuta zote," nilimwambia. "Niliwaahidi. Leo nimeona ni juu ya nini."

"Na ya kwake?"

"Na yeye nilimuahidi, Mama. Njo yeye mwenye alikubali nifute. Ni ya yeye. Haiko yangu, na…"

 Mama alikuwa anatazama mikono yake. 

"Sauti ilikuwa ya yeye, kweli," alisema sikioni mwangu. "Lakini nani alikuwa anaisikiaka? Asubuhi, nani alikuwa anaisikiaka? Yeye mwenyewe hakuwa anaijua. Ungemuwekea ile telefone, angesema si miye."

Na ni kweli, wote walisema hivyo. Kila niliyemrudishia rekodi yake aisikilize alikunja uso na kukataa kwamba ni yeye. Tuliwafundisha watu kwamba data ya mtu ni mali yake, na naamini hivyo mpaka leo, sikubali anayebisha. Lakini sauti huishi kwa anayeisikia, na kwa jambo hilo hatukuwa na maneno, si ya Kifaransa wala ya Kihunde. Nilikaa juu ya chumvi nikiwa na huzuni na uchovu, nikajaribu kumfikiria yule mwanamume wa jibini angesema nini. Nilichokisikia kichwani kilikuwa mzaha tu.

Nilimkubalia. Nilimwambia nitaitoa rekodi ya mumewe peke yake, niiweke kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ya kutia kwenye redio, iwe mkononi mwake na si pengine popote, na nyingine zote nitazifuta mbele ya macho yake. Na ndivyo nilivyofanya siku ile ile, kabla jua halijatua. Mumewe akija siku moja kunikaripia, nitampa haki yake, na nitafurahi kukaripiwa.

Lakini kwanza ilibidi tumpate. Mvua ilipopungua, mama aliibana simu sikioni, nami nikawa nagusa namba moja baada ya nyingine kwenye kioo. Alitikisa kichwa. Si yeye. Si yeye. Wengine aliwasalimia kimoyomoyo, niliona midomo ikisogea, lakini hakutaja tena mtu. Mwanga wa tundu za misumari ulikuwa unatembea polepole juu ya magunia. Nilianza kuogopa kwamba yake ilikuwa kwenye ile simu nyingine, iliyo chini ya mto, na nilikuwa natafuta namna ya kumwambia.

Nikagusa namba nyingine. Sentensi zilizokwenda mjini zilikuwa zimekatwa vizuri mwanzo na mwisho, programu ilikuwa inaondoa yenyewe kila kisichohitajika. Kwenye simu kulibaki kila kitu. Hii ilianza na benchi likilia, kisha mtu akasafisha koo, kisha pumzi.

Mama aliinua mkono mmoja kunizuia nisisogee.

Yule mwanamume wa jibini alikuwa ananisubiri. Asubuhi ile ya kumrekodi nadhani nilikuwa bado nahangaika na simu, nimempa kisogo, naye amekaa kwenye benchi ameweka mikono yake myeupe juu ya magoti. Sauti yake ikatoka ndogo, ina kicheko kilichobanwa, karibu sana hata mimi niliisikia kutoka nilipokuwa.

"Niseme sasa?"

Mama akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Sema, Papa," akamwambia. "Niko nasikia."